Somo la Redio kwa Watu Wazima: Kuilinda Kompyuta na Umeme Usiotulia

Viongozi wa vikundi, tafadhali hakikisheni kwamba kila mtu amepata mahali pa kukaa, na kwamba yuko mmoja mwenye kalamu na karatasi, maana leo kutakuwa na hesabu ndogo ya kuandika. Mwisho wa somo kuna maswali ya kujadiliana.

Somo letu la leo lahusu kompyuta na umeme. Zamani kompyuta ilikuwa chombo cha mabenki na ofisi kubwa za mjini. Siku hizi iko katika ofisi ya shule ya kata, katika zahanati, katika duka la kuchapa barua na kutoa fotokopi, na katika chama cha ushirika kijijini. Lakini umeme unaofika huko mara nyingi haukutulia. Leo unakatika mara tatu, kesho unafifia, keshokutwa unarudi kwa kishindo. Kwa hiyo twataka kujua mambo matatu. Kwanza, umeme wa namna hii huidhuruje kompyuta? Pili, ni vyombo gani viwezavyo kuikinga? Tatu, mtumiaji mwenyewe afanye nini, hata kama hana fedha ya kununua chombo chochote?

Tuchukue mfano. Fikirini habari ya katibu wa chama cha ushirika cha wakulima wa korosho. Ni mwezi wa Novemba, msimu umepamba moto. Wakulima wanaleta magunia ghalani, yanapimwa, na katibu anaandika katika kompyuta jina la kila mkulima na uzito wa korosho zake. Ameandika tangu saa mbili asubuhi hata saa sita mchana. Wakulima 90 wamekwisha kupita. Mara umeme unakatika. Baada ya dakika kumi unarudi, katibu anawasha kompyuta, na faili lile halifunguki. Magunia yamekwisha kuchanganywa. Ikiwa hesabu haikuandikwa mahali pengine, nani atajua kama mzee yule wa mwisho alileta kilo 212 au kilo 122? Hapo neno si la mashine tena, ni neno la haki ya mtu.

Basi tangu mwanzo shikeni jambo hili: katika kompyuta mna mali mbili. Ya kwanza ni mashine yenyewe. Ya pili ni kazi iliyomo ndani yake. Mashine ikiungua, yaweza kununuliwa nyingine. Kazi iliyopotea haiuzwi dukani. Kinga iliyo njema hulinda mali zote mbili.

UMEME HUDHURUJE?

Umeme wa majumbani katika Tanzania umekusudiwa kuwa wa volti 230, nao hugeuka mizunguko 50 kwa kila sekunde. Volti tunaweza kuzifananisha na nguvu inayosukuma maji katika bomba. Nguvu ikiwa ya kadiri, maji hutoka vizuri. Ikipungua mno, maji hutiririka kidogo tu. Ikizidi mno, bomba hupasuka. Kompyuta yetu yaweza kupatwa na maovu manne.

Ovu la kwanza ni kukatika. Kompyuta ina kumbukumbu za namna mbili. Moja ni kama ubao wa shuleni: kila unachoandika kinakaa pale kwanza, ili kiandikwe na kufutwa upesi. Ya pili ni diski, nayo ni kama daftari lililo kabatini. Ubao ule huishi kwa umeme. Umeme ukikatika, ubao wote hufutika, na kila ambacho hakijaandikwa katika daftari hupotea. Tena kuna hatari kubwa zaidi. Ikiwa umeme umekatika wakati ule ule kompyuta inapoandika katika diski, ukurasa hubaki nusu. Ndiyo sababu faili la katibu wetu halikufunguka. Msisahau pia kwamba kuna kukatika ambako si kwa shirika la umeme: yuniti za LUKU zikiisha katikati ya kazi, kompyuta hupata hasara ile ile.

Ovu la pili ni kufifia, yaani umeme mdogo. Aghalabu hutokea jioni, watu wote wanapowasha vyombo vyao, na hasa katika nyumba zilizo mwisho wa laini, mbali na transfoma. Ndani ya kompyuta ya mezani mna kisanduku kiitwacho pawa saplai, ambacho hupokea umeme wa ukutani na kuugeuza uwe mdogo unaoifaa mashine. Volti zikipungua, kisanduku hiki hulazimika kuvuta mkondo mwingi zaidi ili kazi iendelee, nacho hupata joto. Zikipungua mno, kompyuta huzimika au hujiwasha upya yenyewe.

Ovu la tatu ni kupanda kwa ghafla. Watu wengi hudhani kwamba giza ndilo linaloharibu mashine. Sivyo. Mara nyingi kinachoharibu mashine ni umeme kurudi. Wakati wa kurudi, majokofu, pampu na mashine za kusaga za mtaa mzima huanza kuvuta umeme kwa pamoja, na volti hushuka na kupanda kabla hazijatulia. Yapo pia mapigo ya radi. Wenzetu wa Kanda ya Ziwa wayajua vizuri, maana eneo la Ziwa Victoria ni miongoni mwa sehemu za dunia zenye radi nyingi. Radi haina haja ya kuipiga nyumba yako. Ikipiga nguzo ya mbali, pigo laweza kusafiri katika waya mpaka kwenye soketi yako.

Ovu la nne halijulikani sana, nalo ni baya kuliko yote: kukatika kwa waya wa nyutro. Laini nyingi za mitaani zina nyaya tatu zenye moto na mmoja usio na moto, ambao ndio nyutro. Kati ya waya wenye moto na nyutro mna volti 230. Kati ya nyaya mbili zenye moto mna volti 400. Nyutro ikikatika, nyumba moja yaweza kupata volti chache sana, na jirani yake akapata nyingi mno, hata kukaribia hizo 400. Dalili yake ni hii: taa za chumba kimoja au nyumba moja zinang'aa kupita kiasi, na nyingine zinafifia, kwa wakati mmoja. Ukiona hivyo usingoje. Zima swichi kuu ya nyumba mara moja, uwaarifu majirani, kisha upige simu kwa shirika la umeme.

VYOMBO VYA KUKINGA

Sasa twende katika vyombo. Madukani vipo vya namna tatu, na watu huvichanganya sana. Kila kimoja kina kazi yake, na hakiwezi kufanya kazi ya mwenzake.

Cha kwanza ni kizuia mapigo. Kwa sura hufanana na ekstensheni ya kawaida, lakini ndani yake mna kipande kiitwacho varista. Volti zikiwa za kawaida, varista hukaa kimya. Zikiruka ghafla, hufungua njia na kulipitisha pigo kando lisifike kwenye mashine. Mambo matatu yafaa kukumbukwa. Ekstensheni yenye soketi nyingi na taa nyekundu si lazima iwe na varista. Soma maandishi yaliyo juu yake, au mwulize muuzaji. Tena varista huchakaa: kila pigo hupunguza nguvu zake, na siku moja hubaki ekstensheni tupu. Tatu, vizuia mapigo vingi hutegemea waya wa ardhi, ambao mafundi huuita ethi. Kama nyumba haina ethi, au ethi yake imekatika, umenunua nusu ya kinga. Mwite fundi mwenye leseni aipime.

Cha pili ni stebilaiza. Hii huzipandisha volti zikipungua, na kuzishusha zikizidi, ili zibaki karibu na 230. Yawafaa sana wale walio mwisho wa laini. Lakini umeme ukikatika, stebilaiza nayo huzimika. Haina akiba ndani yake.

Cha tatu ni UPS, nayo ina betri. Umeme ukiwapo, betri hujazwa. Umeme ukikatika, betri huchukua kazi. Huenda mtu akauliza, "Je, katika kubadilishana huko kompyuta haizimiki?" Jibu ni hapana, nayo sababu yake yapendeza kuijua. Ndani ya pawa saplai mna vipande viitwavyo kapasita, ambavyo hushika umeme kidogo, kama mtu aliyeshika pumzi. Pumzi hiyo yatosha kwa muda wa mzunguko mmoja hivi wa umeme, yaani sehemu moja ya sekunde iliyogawanywa mara 50. Ni muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Lakini UPS ya kawaida hubadilisha kwa upesi zaidi ya huo, na kompyuta haijui kama neno limetokea.

Sasa chukueni kalamu. Juu ya UPS ndogo huandikwa "650 VA". Msidhani kuwa hizo ni wati 650. UPS nyingi za ukubwa huo hutoa wati 360 hivi. Kompyuta ya mezani ya ofisini tuiweke kuwa yatumia wati 120, na kioo chake wati 25. Jumla ni wati 145. Basi UPS hiyo yaweza kuibeba. Itaibeba kwa muda gani? Betri yake aghalabu ni ya volti 12 na ampea 7 kwa saa. Zidisha 12 kwa 7, utapata 84. Hizo ni wati kwa saa. Gawanya 84 kwa 145, utapata kidogo zaidi ya nusu saa, yaani dakika 35 hivi. Lakini hizo ni dakika za karatasini. Betri ikinyonywa kwa haraka haitoi akiba yake yote, na sehemu nyingine hupotea kwa joto. Kwa kweli utapata dakika kumi au kumi na tano ikiwa betri ni mpya, na pungufu ikiwa imechakaa.

Kwa hiyo eleweni UPS ni ya nini. Haikuwekwa ili uendelee na kazi mpaka umeme urudi. Imewekwa ili upate dakika za kuhifadhi kazi yako na kuizima kompyuta kwa utaratibu. Mtu anayeisikia UPS ikilia, naye akaendelea kuchapa mpaka betri ikaisha, ni sawa na mtu asiye na UPS. Printa ya leza usiichomeke katika soketi za betri, kwa maana inapopasha joto hunyonya umeme mwingi mno. Pasi na birika la umeme ni vivyo hivyo.

Betri ya UPS huishi miaka mitatu hivi, na mahali pa joto kali huishi pungufu. Usiiweke juani wala kwenye kona isiyopita hewa. Kila mwezi ifanyie jaribio: hifadhi kazi yako yote, kisha zima soketi ya ukutani na uangalie kompyuta itakaa dakika ngapi. Ikizimika papo hapo, betri imekwisha. Betri iliyokwisha usiitupe jalalani wala shimoni, na watoto wasiichezee. Ndani yake mna risasi, ambayo ni sumu, na tindikali, ambayo huunguza. Irudishe kwa muuzaji au kwa wanaokusanya betri mbovu.

Je, ikiwa ndiyo kwanza unataka kununua kompyuta, na umeme wa kwenu ni wa mashaka? Fikiria kompyuta mpakato, ambayo wengi huiita laptopu. Ina betri yake yenyewe. Tena chaja yake kwa kawaida imeandikwa "100-240V", maana yake hustahimili umeme mdogo bila taabu. Hata hivyo mapigo na nyutro iliyokatika huiunguza chaja kama kitu kingine chochote, kwa hiyo nayo yahitaji kizuia mapigo. Na ikiwa una kompyuta ya mezani ya zamani, angalia nyuma ya pawa saplai. Baadhi zina swichi ndogo nyekundu yenye namba 115 na 230. Kwetu sharti iwe kwenye 230. Ikiwekwa kwenye 115 na kuwashwa, itaungua papo hapo.

JENERETA

Wengine hutumia jenereta. Ina msaada, lakini jenereta ndogo hazitoi umeme uliotulia. Iwashe kwanza bila kuchomeka kompyuta, ingoje mpaka mngurumo utulie, ndipo uichomeke kompyuta, na ni vema ipitie katika UPS au stebilaiza. Mambo mawili ni ya kufa na kupona. La kwanza, usiiwashe jenereta ndani ya nyumba, wala barazani karibu na dirisha. Moshi wake una hewa ya kaboni monoksidi isiyo na rangi wala harufu, nayo huua watu wamelala. La pili, usichomeke jenereta katika soketi ya ukutani kwa waya wenye plagi pande zote mbili. Umeme wako utatoka nje ya nyumba mpaka kwenye laini, na fundi aliye juu ya nguzo, akidhani kwamba laini haina moto, atauawa na wewe.

KINGA ISIYO NA GHARAMA

Sasa tuje kwa yule asiye na fedha ya kununua chombo. Asikate tamaa. Sehemu kubwa ya kinga ni desturi, na desturi haiuzwi.

Umeme ukikatika, zima swichi ya soketi na uchomoe plagi. Umeme ukirudi, usikimbilie kuwasha. Washa taa moja uitazame. Ngoja kama dakika tano, mpaka taa itulie bila kucheza, ndipo uichomeke kompyuta. Mawingu ya radi yakikusanyika, chomoa kompyuta kabisa, pamoja na waya wa mtandao na wa antena kama upo. Kuzima swichi tu hakutoshi, maana pigo la radi laweza kuruka nafasi ndogo iliyo ndani ya swichi. Hakuna chombo cha dukani kinachoweza kuahidi kulizuia pigo la radi lililo karibu, lakini plagi iliyochomolewa haifikiwi.

Uandikapo, hifadhi kazi yako mara kwa mara. Katika programu nyingi za ofisini, bonyeza kitufe cha Ctrl pamoja na herufi S. Katibu wetu akifanya hivyo baada ya kila mkulima, hasara yake haitapita jina moja. Na kila mkulima apewe stakabadhi ya karatasi palepale penye mizani, maana karatasi haihitaji umeme.

Mwisho, fanya nakala. Kanuni yake ni rahisi: nakala tatu, katika vyombo vya namna mbili, na moja iwe mbali na jengo. Ya kwanza imo katika kompyuta. Ya pili iwe katika flashi inayofungiwa kabatini, wala isiachwe imechomekwa, isije ikaungua pamoja na mashine. Ya tatu ikae mahali pengine, kwa mweka hazina labda, au itumwe kwa intaneti. Fanya hivi kila Ijumaa, na wakati wa msimu kila jioni. Kisha uifungue nakala hiyo uione kwamba inasomeka. Wahenga walisema akiba haiozi, lakini akiba ya kompyuta yaweza kuoza usipoikagua.

Huenda mtu akasema, "Umeme sasa umeongezeka, ya nini taabu yote hii?" Ni kweli. Mwishoni mwa mwaka 2023 Tanzania ilikuwa katika mgao wa umeme, na mwezi wa Februari 2024 mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere, katika Mto Rufiji, ulianza kazi. Bwawa hilo limejengwa litoe megawati 2,115. Lakini wingi wa umeme bwawani hauzuii mti kuangukia waya, wala transfoma kuungua, wala radi kupiga. Hata mahali penye akiba kubwa hapana budi kukagua. Tarehe 25 Agosti 2023 umeme ulikatika karibu Kenya nzima, na katika uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta, Nairobi, jenereta moja iliyotegemewa haikuwaka. Abiria wakabaki gizani. Kinga isiyojaribiwa haijulikani kama ni kinga mpaka siku ya shida, na siku hiyo umechelewa.

Hapo ndipo tunapofikia mwisho wa somo la leo. Sasa kiongozi wa kikundi asome maswali haya, na kila mtu apewe nafasi ya kusema.

1. Kwa nini umeme kurudi kwaweza kudhuru kuliko kukatika? Elezeni kwa maneno yenu wenyewe.

2. Kizuia mapigo, stebilaiza na UPS vinatofautianaje? Umeme wa mtaa wenu una ovu gani zaidi, na ni chombo kipi kingefaa kununuliwa kwanza?

3. Kompyuta ya mezani yatumia wati 100 na kioo chake wati 20. Betri ya UPS ni ya volti 12 na ampea 9 kwa saa. Fanyeni hesabu ya dakika za karatasini, kisha mseme kwa nini dakika za kweli zitakuwa pungufu.

4. Je, katika shule, zahanati au chama chenu, ni nani mwenye kazi ya kufanya nakala? Kama hakuna, mchagueni leo kabla hamjatawanyika.